Matembele Chini ya Waya

Gonga nguzo kabla ya kuipanda. Kama hamtashika kingine katika haya ninayowaandikia, ninyi vijana mliovaa kofia ngumu juzi tu, shikeni hilo. Chukua nyundo, gonga usawa wa kiuno, gonga tena chini karibu na udongo, halafu tega sikio. Mti mzima unajibu kwa sauti kavu. Mti uliooza unajibu kama mtu aliyejaza ugali mdomoni. Kisha chimba kidogo kwenye shina, kiasi cha kiganja, maana nguzo huoza pale udongo na hewa vinapokutana. Wengi hukodolea macho waya juu, wakasahau kwamba nguzo ina miguu.

Najua mtaniambia zenu siku hizi ni za chuma. Vizuri, lakini chuma nacho hushika kutu, na hushika palepale.

Mwenzangu Kisimba aligonga nguzo moja kwenye njia ya kwenda Zongwe, akasikia inanguruma ndani. Akatuambia hajawahi kusikia nguzo yenye sauti nzuri namna ile. Akavaa makucha, vile vyuma vya miguuni vya kupandia, akapanda. Kumbe ndani ya mti kulikuwa na uwazi, na ndani ya uwazi nyuki. Alishuka bila kutumia makucha, na mpaka leo sijui alishukia nini. Kwa hiyo kugonga peke yake hakutoshi, kunahitaji na kusikiliza vizuri.

Mimi nilifanya kazi ya waya hapa Kalemie miaka ya Zaire, wakati wanaume walivaa abacost, koti lile lisilohitaji tai, na kila mtu aliitwa citoyen, yaani mwananchi. Umeme ulitoka mbali, kwenye maporomoko ya maji huko milimani. Waya ulikatiza pori na vijiji ambavyo havikuwahi kuwasha hata balbu moja, halafu ukateremka mlima wa mwisho nyuma ya mji. Mlima ule sisi wa kikosi tuliuita Mugongo, kwa sababu nguzo zilijipanga mstari juu yake kama uti wa mgongo. Nitawasimulia habari za Mugongo, maana kila ninachojua kuhusu mvua, moto na waya nilijifunzia pale.

Kwanza muelewe jambo moja. Umeme ukikatika Kalemie, watu wa kawaida walifikiria taa. Sisi tulifikiria maji. Mashine zilizosukuma maji kwenye mabomba ya mji zilikula umeme wetu. Zikisimama, watu walibeba ndoo kwenda ziwani. Na kama ni mwanzo wa mvua, ziwa pale ufukweni limekwisha kupokea uchafu wote wa mji tangu kiangazi. Baada ya hapo unasikia neno kolera, yaani kipindupindu, kwenye kila uwanja. Kwa hiyo mtu aliyefunga waya vibaya juu ya mlima aliweza kumwua mtoto aliye chini mjini, bila kumwona.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Mulongo, mkuu wa kikosi, mtu wa Kabalo, mrefu, mwenye sauti ya kusikika kutoka nguzo moja hadi nyingine. Alikuwa mkali kama pilipili. Waya usiotoa sauti wala cheche kwake ulikuwa na moto bado, yaani umeme, mpaka uufunge na ardhi kwa mikono yako mwenyewe, upande wa mbele na upande wa nyuma ya pale unapofanya kazi. Ukifunga upande mmoja tu anakushusha na kukutuma ukachote maji ya kunywa ya kikosi kizima. Nilichota sana mwaka wangu wa kwanza. Leo nina vidole vyote kumi, na namshukuru.

Papa Mulongo alikuwa na binti mmoja, Furaha, aliyekuwa ameanza shule mwaka ule. Mwisho wa kiangazi vijana waliochoma majani kuwinda panya waliacha moto ukapanda Mugongo. Ulipita upesi, ukaunguza miguu ya nguzo na kuziacha zimesimama. Ukitazama kutoka barabarani ungesema hazikudhurika. Tulizigonga, tukasikia ile sauti ya ugali mdomoni. Nguzo mpya zilikuwa zinangojewa kwa treni, na treni ilikuwa na mambo yake. Tukazifunga vipande vya chuma miguuni, tukamwomba Mungu azuie upepo.

Upepo wa kwanza wa mvua ukaziangusha. Maji yakakauka mjini, watu wakashuka ziwani, na Furaha akaugua. Tulikuwa tunasimamisha nguzo wakati jirani yao alipopanda mlima kuja kumwambia baba yake. Papa Mulongo alikuwa juu, mimi nikiwa chini nimeshika kamba yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akamaliza kufunga waya aliokuwa anaufunga, akashuka, akanawa mikono, akaenda kumzika mtoto wake. Sijawahi kupenda kusimulia siku ile.

Tangu hapo mkewe, ambaye tuliendelea kumwita Mama Furaha, alishikwa na tabia moja. Robinet ya uwanjani, bomba lao la maji, ikikauka, alichukua kigoda akaketi kando yake. Hakupika, hakuongea, hakuingia ndani ila kulala, mpaka maji yarudi. Majirani walimletea chakula. Kikosi kizima tulijua. Waya ukianguka, sisi wote tulikuwa na kazi moja, Papa Mulongo alikuwa na mbili.

Basi akaapa kuupiga vita moto. Kiangazi kilichofuata alikwenda kwa mkuu wa mtaa kuomba salongo ifanyike Mugongo. Salongo ilikuwa kazi ya lazima ya Jumamosi asubuhi: kila mwananchi na jembe lake, kufagia barabara, kufyeka mitaro. Mkuu wa mtaa akakubali, na watu wakapanda mlima kwa nyimbo.

Sasa ninyi mnajua uwanja safi kwetu ni upi. Ni uwanja usio na hata jani moja. Mama anaamka, anafagia mpaka udongo unang'aa, nyoka akipita aonekane. Nyumba yenye majani mlangoni watu wanauliza kama mwenyewe yu mgonjwa. Na sisi tulipoambiwa kusafisha mlima, tuliusafisha kama uwanja. Hatukufyeka tu, tuling'oa. Mizizi tuliifukua kwa majembe tukaichoma kando. Nilimwona mama mmoja anafagia mlima kwa ufagio wa chelewa, nami sikuona ajabu yoyote. Mtu wa chama alikuja kutazama, akasema Mugongo umekuwa safi kama sahani. Tukapiga makofi.

Kwa upande wa moto tulishinda. Mwaka ule moto ulikuja tena, ukafika kwenye mpaka wa udongo mtupu, ukakosa cha kula, ukafa. Papa Mulongo alinunulia kikosi kizima lutuku, pombe yetu ya mihogo, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisimba alilewa akamsalimia mbuzi kwa heshima zote.

Halafu mvua ikaanza. Zile za kwanza zilichora vijito vyembamba kwenye udongo, tukaviona, tukaviruka kwa miguu. Ikaja mvua ya mfululizo, ile inayofanya nguo zisikauke, na Mugongo ukatembea. Sisemi ulibomoka kwa kishindo. Ulitembea. Nguzo moja ilishuka na udongo wake huku imesimama wima, kama mtu aliyepanda lori. Ilipofika mwisho wa waya ikavuta ya nyuma yake, ile ikavuta nyingine, na mstari ukalala. Mabomba yakakauka.

Tulipofika pale Papa Mulongo hakufoka. Hilo lilitutisha kuliko kufoka. Alisema tu kwamba ni yeye aliyetaka pafagiwe. Kisha akanivuta kando, akanituma mjini nikamtazame mkewe, kwa sababu yeye hakuthubutu.

Nilimkuta kwenye kigoda, mikono mapajani. Aliuliza neno moja.

"Bado?"

Nikamwambia bado kidogo. Nilimdanganya. Ilikuwa bado sana.

Tulikata miti porini, nguzo za kushikiza kwa muda tu zile, ambazo mtaalamu akiziona anafumba macho. Wakati tunachimba mashimo akatokea Mama Feza. Huyu alikuwa mjane, Mbembe wa kaskazini ya ziwa, ambaye marehemu mume wake alimleta huku kwa uvuvi. Alikaa katika kijiji kilicho chini ya Mugongo. Tulimfahamu vizuri kwa sababu tulikwisha kumfukuza mara nyingi. Sheria ilisema chini ya waya hakuna kulima, na yeye kila mwaka alilima. Papa Mulongo mwenyewe aling'oa viazi vyake vitamu kabla ya salongo, akavirundika njiani. Siku hii alikuja na mzigo wa marando kichwani, zile kamba za viazi za kupandia, akasimama mbele ya Papa Mulongo bila salamu ndefu.

Alimwambia atazame upande wa kule kwenye mawe. Tukatazama. Kati ya udongo wote ulioteremka kulikuwa na kipande kimoja kilichobaki mahali pake, kijani, na katikati yake nguzo imesimama kama ilivyosimikwa. Mama Feza alikuwa amerudishia marando yake pale baada ya sisi kung'oa, kwa siri, nyuma ya mawe, mahali ambapo salongo haikufika.

"Papa, ile matembele muling'oa, mimi nilirudisha," alisema. "Angalia poto yako."

Poto ndiyo nguzo. Papa Mulongo aliizunguka ile nguzo kwa muda. Akapiga magoti, akaingiza vidole kwenye majani, akavuta, na udongo haukuja. Matembele hutambaa na kushika mizizi kila fundo linapogusa ardhi; nyumbani tunayapika na mawese, hatuyafikirii zaidi ya hapo. Ila alikuwa na swali moja tu ambalo lilimla. Akamwuliza, na kiangazi, moto ukija?

"Majani mabichi haiwaki, Papa. Na mimi, naacha je moto iingie mu shamba yangu?"

Hilo ndilo hatukulifikiria kamwe. Miaka yote tuliona watu wa kijiji kama sehemu ya hatari, pamoja na moto na radi. Waya ulipita juu ya vichwa vyao, haukuwapa chochote, sisi tukawafukuza chini yake, halafu tukashangaa kwa nini moto ukiwaka hakuna anayeuzima.

Enjenia wetu alikuwa kijana aliyesomea Lubumbashi, mpole, mwenye viatu visivyofaa mlima. Papa Mulongo alimpandisha Mugongo akiwa tayari kugombana naye. Hakukuwa na ugomvi. Enjenia aliitazama nguzo iliyosimama na zilizolala, akaomba jembe, akachora ardhini. Matuta yakate mlima, yasifuate mteremko, la sivyo tutakuwa tumechimbia maji barabara. Kuzunguka kila nguzo, kiasi cha urefu wa mtu aliyelala, wachume majani tu, viazi visichimbwe kabisa, kwa sababu kuchimba viazi ni kulegeza udongo. Na mitaro ya kutolea maji iende upande wa mawe. Kuhusu sheria alisema yeye ataandika kwamba chini ya waya kuna mimea mifupi, na hilo ni kweli. Mimi na Kisimba tulitazamana. Tulikuwa tumemwona mtu huyu kama mgeni tu wa ofisini, na hapo tukaanza kumpenda.

Basi Mama Feza akawagawia akina mama wa kijiji matuta, na bila sisi kupanga kila nguzo ikapata mwenyewe. Ungesikia wanasema poto ya Mama fulani, poto ya Mama fulani. Ukipita unakuta mtu ameshindilia mawe kwenye mguu wa nguzo yake. Kiangazi matembele yalinyauka nusu, lakini shamba lililopaliliwa halina cha kuunguza, na moto ulipokuja tulifika na kukuta akina mama wamekwisha kuuzima kwa matawi. Walitutazama kama tumechelewa harusi.

Katikati ya mambo hayo Mama Furaha alimwomba mumewe ampatie tuta. Papa Mulongo akakataa. Alituambia mwenyewe, kwa hasira ya mtu asiye na uhakika: mlima ni mkali, njia ni ya matope, watu watasema mke wa mkuu wa kikosi amekwenda kula haki ya akina mama wa kijiji. Nafikiri sababu hazikuwa hizo. Nafikiri hakutaka mkewe aone mahali alipokuwa siku ile jirani alipopanda kuja kumwambia. Mama Furaha hakubishana naye, na Papa Mulongo akadhani mambo yamekwisha.

Mvua kubwa ilikuja msimu uliofuata kiangazi kile, asubuhi, kutoka upande wa ziwa, na upepo uliolaza mashua bandarini. Mimi nimeona mvua nyingi. Ile ilinitia hofu. Pale biro, ofisini kwetu, taa ilikuwa inawaka bado, na Papa Mulongo aliitazama ile taa kama mtu anayemtazama mgonjwa anavyopumua. Alivumilia kidogo, kisha akasema twende. Hakuna aliyemwambia kwamba waya haujaanguka, tunakwenda kutengeneza nini. Tukachukua kamba, sepetu na nyundo, tukaanza kupanda Mugongo huku maji yanateremka miguuni petu rangi ya chai ya maziwa.

Mkumbuke hili, vijana, wakati wowote mtakapokwenda mlimani kwenye mvua: msitazame waya, tazameni ardhi juu ya nguzo. Ikianza kupasuka mstari mwembamba wa kukata mlima, kama ufa wa ukuta, mna muda mfupi. Maji yanaingia pale na kuusukuma udongo kwa nyuma. Yatoeni maji kwanza, nguzo baadaye. Msisimame chini ya ufa, na ardhi ikianza kusogea kimbieni, nguzo nyingine zipo.

Tulipotokea kwenye bega la mlima tuliwaona. Akina mama wote wa matuta walikuwa pale, kanga zimefungwa kiunoni, majembe yanapanda na kushuka kwenye mvua. Mama Feza alisimama juu ya jiwe akielekeza kwa mkono. Juu ya nguzo ya katikati ufa ulikuwa umekwisha kufunguka, na wao walikuwa wanachimba mtaro wa kuyageuza maji kabla hayajaufikia. Hakuna aliyewaita. Katika kijiji chao hakuna robinet hata moja iliyotegemea waya ule.

Mmoja alikuwa ametugeuzia mgongo, matope mpaka mapajani, anachimba karibu zaidi na ufa kuliko wote. Papa Mulongo alimtambua kabla yangu. Alisogea mpaka karibu naye, na kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo akamwambia mjini maji yanatoka, hakuna kilichokauka, kwa nini yuko hapa.

Mama Furaha hakuacha kuchimba. Baadaye nilikuja kujua kwamba Mama Feza alimpa tuta tangu marando yalipogawiwa, na kwamba alikuwa anapanda mlima kila mumewe akienda kazini.

"Najua inatoka," alisema. "Furaha alikufa mimi nikikaa tu. Leo sikutaka kukaa."

Papa Mulongo alilia. Nitasema hivyo wazi, maana kuna wenzangu waliosema baadaye kwamba ilikuwa mvua, nami nilikuwa karibu kuliko wao. Alilia amesimama, mikono imelegea, mbele ya kikosi chake na akina mama wote. Na mimi nililia, nikiwa na kamba begani.

Kisha akachukua sepetu mkononi mwangu. Mtu yule aliyetuamuru sisi sote, aliyeijua kila nguzo kutoka mjini mpaka milimani, akamwuliza mkewe achimbe wapi. Mkewe akamwonyesha kwa kidole bila kuinua kichwa, naye akachimba palepale, bega kwa bega naye, mpaka mvua ilipokatika. Nguzo ilibaki imesimama, na mjini watoto waliendelea kunywa maji.